Jando na Baraza: Malezi na Haki katika Maandishi juu ya Ukaguru

Je, yawezekana kueleza sheria ya watu bila kueleza jinsi wanavyowalea watoto wao? Mwanafunzi aingiaye maktabani kutafuta habari za Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wa upande wa Kilosa na Mikumi atakuta maandishi ya sheria katika rafu moja, na maandishi ya jando na unyago katika rafu nyingine, na kati ya rafu hizo hakuna daraja. Nia ya makala haya ni kuyapima maandishi hayo, hasa ya Thomas Beidelman na ya Hans Cory, na kuonyesha kwamba utengano huo haukuishia maktabani. Umeingia katika fikira za wasomi, ukapita katika sheria ya nchi, na mwisho umefika barazani, mahali ambapo mjane au mpwa husimama kudai shamba.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Milima ya Ukaguru iko kaskazini. Sehemu yake moja tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Gairo, iliyomegwa kutoka Kilosa. Usagara uko katikati na magharibi, na Uvidunda uko kusini ya Mikumi, katika milima itazamayo bonde la Ruaha Mkuu. Wenyeji wa nchi hizi zote huhesabu nasaba kwa upande wa mama, na kwa sababu hiyo Beidelman aliwaweka pamoja na Waluguru, Wazaramo na jirani zao katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya watu wa nasaba ya mama wa mashariki ya Tanzania. Chini ya milima, reli ya kati na mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yalileta watu wa makabila mengi, hata mji wa Kilosa ukawa mji wa wageni na wenyeji pamoja. Jambo hili la wageni tutalirudia, kwa kuwa ndilo linaloupima ukweli wa hoja yetu.

Katika mpango wa zamani wa Ukaguru hapakuwa na mfalme. Kila bonde na kila safu ya vilima lilikuwa na ukoo uliohesabiwa kuwa mwenye nchi, na wazee wa ukoo huo ndio walioongoza tambiko kabla ya kupanda na ndio waliosikilizwa palipotokea ugomvi. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake. Baba alimpenda na kumlisha, lakini mwenye neno la mwisho juu yake alikuwa mjomba. Mjomba alipokea sehemu ya mahari ya binti, mjomba alisaidia katika deni la kijana, na deni lilipokuwa kubwa mno, zamani mjomba aliweza hata kumweka mpwa wake rehani. Uchifu mkubwa wa Ukaguru ulikua katika karne ya 19, wakati misafara ya Waarabu ilipopita Mamboya, na ukapata nguvu zaidi kwa msaada wa Wajerumani. Beidelman alilithibitisha jambo hili kwa uangalifu katika makala yake ya mwaka 1978 juu ya uchifu wa Ukaguru, na kwa kazi hiyo yatupasa kumshukuru, maana alitufundisha kutoamini kila kitu kinachoitwa mila kwa sababu tu kimeandikwa katika faili la serikali.

Mtaalamu huyu, Mmarekani aliyesoma Oxford, alifika Ukaguru mara ya kwanza mwaka 1957, nchi ikingali chini ya Waingereza. Aliishi na watu, akasikiliza mashauri yao, hadithi zao, nyimbo zao na matusi yao. Hapana mtu mwingine aliyeandika mengi kama yeye juu ya sehemu hii. Lakini tazama jinsi kazi ilivyogawanyika. Makala yake juu ya haki ya Wakaguru ilitoka mwaka 1961 katika jarida la wanasheria. Mwaka huohuo, katika jarida la mambo ya Afrika, alitoa makala juu ya hadithi ya fisi na sungura. Makala juu ya utani ilitoka mwaka 1966. Kitabu kikubwa juu ya jando na unyago, chenye jina litajalo kisu baridi, kilitoka mwaka 1997, na kile juu ya utawala wa kikoloni na mabaraza yake kilitoka mwaka 2012. Msomaji atakaye kuona jinsi mvulana aliyetoka jandoni alivyokuwa mzee wa baraza hana budi kuruka kutoka jarida moja hadi jingine, na kuvuka zaidi ya miaka 50, ili ayashone mwenyewe yaliyokuwa nguo moja.

Tuitazame hadithi ya fisi na sungura, kwa kuwa hapo ndipo mwandishi alipofika karibu sana na jambo lenyewe. Watu wengi kabla yake waliichukua hadithi ya wanyama kuwa maneno ya kuwafurahisha watoto usiku. Yeye alidai kwamba ugomvi wa fisi na sungura miongoni mwa Wakaguru wafaa usomwe kama ugomvi wa jamaa wa nasaba moja ya mama. Ni hoja nzuri, na inasimama. Fisi ni mlafi, hula mizoga, hutembea usiku, na Wakaguru humhusisha na wachawi. Mtoto amsikiapo fisi akipewa nafasi ya jamaa mkubwa mwenye mamlaka, hujifunza jambo ambalo hakuna mtu mzima angethubutu kumwambia waziwazi: kwamba mkubwa aliyepewa ulinzi wake aweza kuugeuza ulinzi huo kuwa meno. Katika nchi ambayo mpwa aliweza kuwekwa rehani, somo hilo halikuwa mchezo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, Beidelman alisimama mlangoni asiingie. Aliichukulia hadithi kuwa picha ya jamii, kama mtu aangaliaye kioo na kuona sura za watu. Hakuuliza hadithi humfanya nini yule aisikilizaye. Kila hadithi ya namna hii humwachia msikilizaji kazi: nani ameanza kosa, hila ya sungura ilikuwa halali au haramu, adhabu ya fisi ilitosha au ilizidi? Watoto hubishana, bibi husikiliza, kisha hutoa neno moja la kufunga. Ni shauri dogo lenye mdai, mdaiwa na mwamuzi. Aliyesikiliza mashauri kama hayo mamia kabla ya kubaleghe hakuhitaji kufundishwa upya maana ya ushahidi au ya kupita kiasi siku alipoitwa kuketi na wazee. Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika nchi za nasaba ya mama, methali hii yapata uzito zaidi, maana upande wa mama ndio uliomfunza mtoto na ndio uliomlipia alipokosa.

Jando na unyago viliendeleza kazi hiyo. Kijana alitiwa katika maumivu, akafundishwa nyimbo na mafumbo, na akatoka akiwa mtu ambaye maneno yake yana uzito. Mtu aliyekuwa bado mtoto aliweza kukosa na kosa lake likawa la wazazi. Aliyekwisha kuingia ukubwani alikuwa na dhamana. Basi jando lilikuwa pia mpaka wa sheria, likieleza ni nani awezaye kushtakiwa, ni nani awezaye kushuhudia, na ni maneno gani asiyoweza mtu kumwambia mkwewe au mjomba wake. Ukiisoma sura ya jando bila kulifikiria baraza, unaona ngoma na kisu. Ukiusoma mwenendo wa baraza bila kulifikiria jando, unaona wazee wakitoa hukumu, wala hujui walizitoa wapi.

Utani nao ni sehemu ya haki, ingawa hakuna hakimu ndani yake. Mtani wa ukoo mwingine alikuja msibani, akafanya kazi ambazo wafiwa hawakuziweza, akatukana na kuchukua vitu, na hakuna aliyeweza kumshtaki. Tusi lilelile likitoka kwa mtu mwingine lingekuwa kosa la kulipiwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mwamuzi halikuwa, ni neno gani lililosemwa, bali ni nani aliyesema na ni nani wake. Sheria ya namna hii haiwezi kuandikwa kama orodha ya makosa na faini, kwa sababu kosa lenyewe halijulikani mpaka ujulikane uhusiano, na uhusiano hujulikana kwa malezi.

Sasa tuje kwenye baraza la wakati wa Waingereza. Gavana Donald Cameron alileta utawala wa kupitia kwa wenyeji, na Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ikatoka mwaka 1926. Mwaka 1929 mahakama za wenyeji zilitengwa na Mahakama Kuu, zikawekwa chini ya maofisa wa utawala, hata rufani ikaenda kwa Bwana Shauri badala ya kwenda kwa jaji. Hivyo baraza la Ukaguru lilikuwa na wasikilizaji wa namna mbili. Mbele yake waliketi jamaa wa mdai na wa mdaiwa, waliojua nani ni mjomba wa nani. Nyuma yake, mbali, katika boma la Kilosa, alikaa ofisa atakayekagua daftari na kutaka kuona kosa linalofahamika na faini inayolingana nalo. Chukua mfano wa uchawi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilifanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, wala haikuwapa wazee njia ya kuuamua wasiwasi uliovunja kijiji. Basi ugomvi ambao kiini chake kilikuwa hofu ya uchawi haukuweza kuingia daftarini kwa jina lake.

Makala ya mwaka 1961 ya Beidelman inashughulikia pengo hilo baina ya maneno ya sheria na makusudi ya waamuzi, na anatumia dhana ijulikanayo na wanasheria wa Kiingereza, yaani jambo ambalo sheria hulichukulia kuwa kweli ingawa kila mtu ajua kwamba limebuniwa. Ni dhana yenye faida, lakini ina hatari yake. Msomaji asiye mwangalifu aweza kudhani kwamba wazee wa Ukaguru walikuwa na hila tu na kwamba daftari lilikuwa uongo. Mimi naona jambo jingine. Wazee wale walikuwa wakitafsiri. Walichukua shauri lililokuwa na maana katika lugha ya jando, utani na ukoo, wakalitia katika lugha ya daftari, na kama ilivyo kawaida ya tafsiri, kitu kilipotea. Tungeliona hilo mapema zaidi kama mwandishi angaliweka makala yake mawili ya mwaka ule mmoja kati ya majalada ya kitabu kimoja.

Hans Cory alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa Austria, akaishi Tanganyika miaka mingi, na hatimaye akawa mtaalamu wa serikali katika mambo ya mila. Pamoja na Hartnoll alitoa mwaka 1945 kitabu cha sheria za Wahaya, kilichotumiwa sana mahakamani. Lakini mtu huyuhuyu alichapisha mwaka 1947 na 1948 maandishi marefu juu ya jando, na mwaka 1956 kitabu juu ya sanamu za udongo zitumikazo katika mafunzo ya wali, kila sanamu na wimbo wake, kila wimbo na somo lake. Masomo hayo yanahusu nini? Yanahusu uzinzi, deni, uvivu, heshima kwa wakwe, wajibu wa mume na mke. Kwa maneno mengine, ni mambo yaleyale ambayo kitabu cha sheria kinayapa vifungu na faini. Mkono mmoja wa Cory uliandika sheria, mkono wa pili ukaandika malezi, na mikono hiyo miwili haikupata kushikana.

Haya yangekuwa mambo ya wasomi tu kama si yaliyofuata. Machifu walikwisha ondolewa madaraka mwanzoni mwa mwaka 1963, na mwaka huohuo serikali ya Tanganyika, kwa msingi wa kazi ya Cory aliyefariki mwaka 1962, ilitoa Tamko la Sheria za Mila. Tamko lile liliandikwa kwa ajili ya makabila ya nasaba ya baba. Katika urithi liliweka daraja tatu: mtoto wa kwanza wa kiume, kisha wana wengine wa kiume, na mwisho mabinti. Watu wa nasaba ya mama hawakuandikiwa tamko lao. Mahakama za mwanzo zilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, hakimu aliyepelekwa Kilosa, pengine mtu wa mbali, hakukuta kitabu cha kumweleza haki ya mpwa au ya dada. Aliwategemea wazee wa baraza walioketi pamoja naye.

Je, lilikuwa jambo baya kutoandikiwa? Hapa yapasa kupima pande zote mbili. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu huko Mwanza, alilazimika kutumia Katiba ili mwanamke wa Kihaya apate haki ya kuuza ardhi aliyorithi, kwa kuwa sheria ya mila iliyoandikwa ilimnyima. Kalamu ilikuwa imeigandisha mila katika hali ya siku moja. Watu wa Kilosa walikwepa kugandishwa huko. Lakini mila isiyoandikwa huhitaji watu walioilelewa, na malezi yenyewe yalikuwa yakibadilika. Misheni ya CMS, iliyofika Mamboya mwishoni mwa miaka ya 1870 na baadaye ikastawi Berega, ilileta shule. Shule iliyotoza ada ilimtaka mwenye fedha ya mazao au ya mshahara, na mara nyingi huyo alikuwa baba. Baba aliyemsomesha mwanawe akaanza kuona kwamba mtoto ni wake, na shamba lake ni la mtoto wake, si la mpwa. Hakuna bunge lililopitisha badiliko hili. Lilipita darasani, na kitabu cha sheria kisichotazama darasa hakiwezi kulieleza.

Wasomi wetu wanaosema kwamba kuunganisha malezi na sheria katika kitabu kimoja ni kazi isiyowezekana wawatazame Waazteki wa Meksiko. Padre Bernardino de Sahagún, Mhispania wa karne ya 16, akisaidiwa na vijana wenyeji waliosoma katika chuo cha Tlatelolco, alikusanya maneno ya wazee kwa lugha yao ya Kinahuatl, akayapanga katika vitabu 12. Humo tunaona shule mbili, calmecac iliyolea hasa watoto wa wakubwa na makuhani, na telpochcalli, nyumba ya vijana wa watu wa kawaida. Tunaona pia mahakama mbili, tlacxitlan kwa mashauri ya wakubwa na teccalli kwa ya watu wa chini. Na tunaambiwa wazi kwamba waamuzi walichaguliwa miongoni mwa waliolelewa calmecac. Shule na kiti cha hukumu vimesimama katika kitabu kimoja, kwa maneno ya wenyewe. Sahagún hakuwa rafiki wa dini ya watu hao. Aliandika ili aijue na kuing'oa. Lakini kwa sababu aliyahifadhi maneno katika lugha yaliyosemwa na pamoja na mpango wake wa malezi, msomaji wa leo aweza kumhukumu hata yeye mwenyewe.

Mfano huo watuonya pia. Umoja wa malezi na haki waweza kuwa umoja wa matabaka: mtoto wa mkubwa hufundishwa kuhukumu, na mtoto wa mnyonge hufundishwa kutii. Ukaguru haukuwa na mahakama mbili kama Tenochtitlan, lakini wala haukuwa bustani. Haki yake iliwatosha waliokuwa na ukoo. Mtumwa na aliyewekwa rehani walipata kidogo, na mgeni alipata kwa kadiri alivyokubaliwa. Mwenye kuisifu mila bila kuwataja hawa huandika shairi la sifa, wala si uhakiki.

Na kwa mgeni ndipo mizani ilipovunjika katika siku zetu. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Wilaya ya Kilosa, wakulima 38 waliuawa katika mapambano na wafugaji wa Kimasai. Benjaminsen, Maganga na Abdallah, katika makala yao ya mwaka 2009, wamekataa kulieleza jambo hili kama uadui wa asili baina ya jembe na fimbo, wakazitazama siasa za ardhi na za ufugaji, pamoja na rushwa iliyowafanya watu wasiyaamini mabaraza. Nakubaliana nao, na naongeza hili. Mkulima na mfugaji wa Kilosa hawakupita jando moja, hawakusikia hadithi moja, na hawakuwa na utani wa kuyapunguza makali ya tusi. Kilichobaki kati yao ni ofisi, na ofisi ilipoacha kuaminika, hakikubaki kitu. Huko Mikumi nako, mipaka ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 iliiondoa ardhi iliyo ndani yake katika mamlaka ya koo na ya vijiji, ikawa chini ya sheria ambayo hakuna mzee aliyewahi kuifundisha.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, watatu wao wanawake, na imebatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hayo ni mema. Lakini yule mwanamke wa Ukaguru atakayeketi katika baraza hilo amelelewa na nini? Kwa hadithi za bibi, kwa kitabu cha uraia, au kwa mahubiri? Na mwenzake aliyetoka Umasaini je? Hatuwezi kujua watakavyohukumu ikiwa tunaendelea kuandika juu ya baraza katika idara moja na juu ya malezi katika idara nyingine.

Basi kazi iko mbele ya wanafunzi wa lugha, maana hii ni kazi yao zaidi kuliko ya wanasheria. Vitabu vya Beidelman vimeandikwa kwa Kiingereza, na walio wengi katika watu waliosimuliwa humo hawajavisoma. Visomwe, vijibiwe kwa Kiswahili, na pale inapowezekana maneno ya wazee yaandikwe kwa Kikaguru, Kisagara na Kividunda kama yalivyotamkwa: hadithi pamoja na ubishi wa watoto walioisikiliza, shauri pamoja na methali zilizotumika kulifunga, wimbo wa unyago pamoja na maelezo ya kungwi. Mwandishi wa kazi hiyo atatupa kile ambacho wataalamu hawa wawili walikuwa nacho mikononi, kila mmoja nusu kwa nusu, wakatuachia bila kukiunga.